Kikundi cha Ukoo wa Mzee Athumani: Jumamosi ya Francis M na Andrew E

ALHAMISI

Rukia (Muscat), saa 1:05 jioni
Assalaam aleikum wazee wangu, ndugu zangu na wanangu. Kesho asubuhi natua Dar es Salaam, na Mungu akipenda nitakuwa Tanga kabla ya Magharibi. Jumamosi baada ya Isha tunakutana barazani kwa Babu kama tulivyopanga. Mada ni Francis Magalona na Andrew E, watu wawili walioishika rap ya Ufilipino tangu mwaka 1990, ambao mashabiki wao mpaka leo hawajakubaliana nani alikuwa mkubwa. Idi atamzungumzia Francis, Shabani atamzungumzia Andrew E, nami nitamalizia na waliokuja nyuma yao. Naomba kila mmoja athibitishe hapa hapa kikundini, asinipigie simu pembeni.

Rukia, saa 2:20 usiku
Naona ujumbe umesomwa na wengi na hakuna aliyejibu. Spika itatoka kwa nani? Projekta ya Baraka bado inafanya kazi? Ufunguo wa chumba cha mbele anao nani?

Shangazi Mwanahawa, saa 2:31 usiku
Waaleikum salaam, mwanangu Rukia. Safari njema. Mimi nipo, na chai nitapika, lakini nieleweshe: kwa nini tukakae usiku kucha tukiwazungumzia Wafilipino wakati tuna watoto wawili humu ndani ambao hawasalimiani tangu Sikukuu?

Rukia, saa 2:44 usiku
Shangazi, ni kwa sababu ya watoto hao hao. Mimi ninafanya zamu ya usiku na dada mmoja Mfilipino, na saa ya mapumziko huwa tunakaa jikoni kwa wauguzi, yeye ananipa sikio moja la simu na lingine anabaki nalo, kisha anaugonga ukingo wa kikombe kwa ukucha kila mshairi anapofika kwenye kina, ili nisipitwe. Lugha siifahamu, lakini baada ya muda nilianza kuvitambua vina kabla hajagonga. Wimbo wa kwanza kunisikilizisha ulikuwa wa Gloc-9, ule uitwao "Walang Natira", unaohusu wataalamu wa kwao wanaoondoka kwenda kufanya kazi ugenini mpaka nchi inabaki tupu. Nilimwuliza Gloc-9 ni nani, akaniambia huwezi kumwelewa Gloc-9 usipomjua Francis, na huwezi kumwelewa Francis usipojua alikuwa akishindana na nani. Nikaona kisa hiki kinawahusu Idi na Shabani moja kwa moja, kwa sababu nao wanashindana kwa mashairi, na sisi watu wazima tumekaa kimya kama hatuoni.

Mjomba Hemedi, saa 2:52 usiku
Chai ya Shangazi itakuwa na vitumbua au itakuwa chai ya mkutano wa kijiji? Nathibitisha kuhudhuria kulingana na jibu.

Shangazi Mwanahawa, saa 2:53 usiku
Hemedi, vitumbua vipo. Lete sukari.

Rukia, saa 2:55 usiku
Mjomba, tafadhali. Spika.

Idi, saa 3:10 usiku
Dada Rukia, mimi nipo tayari, na nimekwisha kuandika. Francis Magalona alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1964, na wazazi wake, Pancho Magalona na Tita Duran, walikuwa waigizaji mashuhuri wa filamu. Angeweza kuishi kwa jina la baba na mama yake mpaka mwisho, lakini alichagua fani ambayo wakati ule wengi nchini mwake waliiona ni mchezo wa kuiga Wamarekani. Albamu yake "Yo!" ilitoka mwaka 1990, na ndani yake upo wimbo "Mga Kababayan", ambamo anawahutubia wananchi wenzake na kuwataka waijivunie asili yao. Hapo ndipo ukubwa wake ulipo, kwa maana aliichukua ala ya ugenini akaifanya isemee mambo ya nyumbani, na hakumtukana mtu ili asikilizwe.

Shabani, saa 3:18 usiku
Hilo la mwisho limeandikwa kwa ajili yangu, na kila mtu humu analiona.

Saumu (Dodoma), saa 3:19 usiku
Jamani, hata kikao hakijaanza.

Shabani, saa 3:31 usiku
Basi nami niseme yangu. Mwaka huo huo wa 1990 Andrew E alitoka na "Humanap Ka ng Panget", wimbo unaomshauri mtu atafute mchumba mwenye sura mbaya ili asije akaumizwa moyo. Wimbo huo ulienea sana, na mwaka 1991 filamu yenye jina hilo hilo ikatoka, naye mwenyewe akiwa mwigizaji wake mkuu. Alianza na kicheko na maneno ya mtaani, wala hakuwa na jina la wazazi maarufu la kumtangulia. Watu wanamdharau kwa kuwa aliwachekesha na kwa kuwa nyimbo zake nyingine zina maneno ya kitandani, lakini aliyemfanya muuza samaki aiimbe rap akiwa kazini ni yeye. Francis aliwahutubia watu, na Andrew akakaa nao. Tena mtu asiyeweza kuchekesha asimwite mwenye kuchekesha mtukanaji.

Mjomba Hemedi, saa 3:35 usiku
Ushauri huo wa Andrew E ungefika Tanga mapema, mashemeji zangu wote wangekuwa wameoa kwa wakati.

Shemeji Kassim, saa 3:36 usiku
Hemedi, mimi nimeoa kwenu. Tafakari ulichoandika.

Saumu, saa 3:37 usiku
Mjomba amejifunga mwenyewe!

Rukia, saa 3:41 usiku
Nawaomba turudi kwenye mada. Shabani umesema vizuri, na Idi umesema vizuri, lakini nyote mmeruka jambo kubwa, kwamba Andrew E alijibiwa. Saumu, wewe ulilitafuta hilo, lieleze.

Saumu, saa 3:58 usiku
Aliyemjibu ni Michael V, ambaye baadaye alipata jina kubwa zaidi kama mchekeshaji wa televisheni. Alitoa wimbo "Maganda ang Piliin", akishika upande wa pili kabisa: chagua mzuri, mbaya wa nini? Majibu hayo yalikaa ndani ya hoja. Andrew kasema tafuta mwenye sura mbaya, Michael kasema tafuta mzuri, na msikilizaji akapata nyimbo mbili badala ya moja. Kwangu mimi hayo ndiyo mashindano yenye faida, na ndiyo yanayokosekana katika nyimbo za mabinamu zangu wawili, kwa sababu wao hawajibizani juu ya jambo lolote. Wanatajana majina tu, wanatajana viatu, na wanataja kinasa sauti cha marehemu Ami.

Idi, saa 4:02 usiku
Kwa kuwa Saumu amekitaja kinasa sauti, niseme wazi kwamba mpaka leo sijakiona, na aliyekichukua anajulikana.

Shabani, saa 4:03 usiku
Nilipewa. Sikukichukua. Waliokuwepo siku ya arobaini wanajua nilivyopewa na nani aliyenipa, na wengine wao wamo humu na wamenyamaza.

Idi, saa 4:04 usiku
Na ile beti ya Idi Mosi nayo ulipewa?

Shangazi Mwanahawa, saa 4:06 usiku
Wanangu, hapana. Si usiku huu.

Rukia, saa 4:15 usiku
Nilijua tutafika hapa, na ndiyo maana nilitaka tukutane ana kwa ana. Hata hivyo naomba mnisikilize kabla hamjalala. Francis na Andrew walionwa na watu kama mahasimu kwa miaka mingi, na ukimwuliza Mfilipino wa rika lile alikuwa upande wa nani, anakujibu bila kufikiri, kama unavyomwuliza mtu wa Dar es Salaam kuhusu Simba na Yanga. Lakini tazameni kila mmoja alivyofanya kazi yake. Francis hakubaki kwenye "Yo!". Mwaka 1992 alitoa "Rap Is FrancisM", ambamo lugha mbili zinapishana na hoja za nchi zinakuwa kali zaidi, na mwaka 1995 akatoa "FreeMan", akaichanganya rap na magitaa ya roki. Ndani ya albamu hiyo upo wimbo "Kaleidoscope World", unaohusu watu wa rangi zote kuishi pamoja, na Wafilipino wa leo waliozaliwa baada yake wanauimba kwa kichwa. Andrew naye alianzisha kampuni ya Dongalo Wreckords, iliyochukua jina la Don Galo, mtaa wa Parañaque, na humo wakatoka vijana kama kundi la Salbakuta. Maana yake kila mmoja alijenga. Hakuna kati yao aliyeishi kwa kumjibu mwenzake tu.

Idi, saa 4:22 usiku
Mimi nami nimejenga. Nina nyimbo zangu ambazo hazimtaji mtu yeyote.

Saumu, saa 4:23 usiku
Zile mbili nzuri.

Rukia, saa 4:25 usiku
Saumu, zinatosha. Projekta. Baraka hajaonekana tangu jioni.

IJUMAA

Rukia, saa 12:40 asubuhi
Nimetua salama, alhamdulillahi, na ninasubiri mzigo. Walionithibitishia mpaka sasa ni Shangazi, Idi, Saumu na Mjomba Hemedi mwenye masharti. Shabani hujasema utakuja. Baraka, projekta.

Mama Saumu, saa 3:05 asubuhi
Karibu nyumbani, Rukia. Samahani kwa kuchelewa kujibu, simu ilikuwa kwa fundi. Mimi nina swali. Hao wanaokuja nyuma ya Francis na Andrew wana mashairi ya heshima, au tutawafukuza watoto barazani? Maana nimesikia kuna vijana wa huko wanaosimama uso kwa uso na kutukanana mbele ya umati, na watu wanashangilia.

Rukia, saa 3:50 asubuhi
Shemeji, nashukuru kwa swali, na nimefurahi umeuliza, kwa sababu hapo ndipo penye utamu. Unaowasema ni wa FlipTop, ligi iliyoanzishwa mwaka 2010 na mwanarap aitwaye Anygma. Wawili wanasimama mbele ya umati, hakuna mdundo wowote unaopigwa nyuma yao, kila mmoja ana zamu zake, na mwenziwe analazimika kusimama kimya akisikiliza mpaka zamu yake ifike. Mwishoni waamuzi wanatoa kura na sababu zao. Ni kweli maneno yao ni makali na mengine hayasemeki mbele ya wazazi, hilo sitalificha, na sitaleta hata pambano moja barazani kwa Babu bila kulichagua kwanza. Lakini desturi hii ina mizizi ya zamani kuliko rap. Tarehe 6 Aprili 1924 mjini Manila palifanyika balagtasan ya kwanza, yaani mashindano ya malumbano ya kishairi yaliyoitwa kwa heshima ya mshairi Francisco Balagtas. Washairi wawili, José Corazón de Jesús na Florentino Collantes, walilumbana kama nyuki na kipepeo wanaogombea ua moja, na katikati yao alikuwepo msimamizi wa mjadala, ambaye cheo chake ni lakandiwa. Kwa hiyo mtu wa FlipTop anapopanda jukwaani, anasimama pale walipowahi kusimama mabingwa wa lugha wa nchi yake.

Mjomba Hemedi, saa 4:01 asubuhi
Kipepeo sijui, ila nyuki namjua. Ndiye aliyenifukuza shambani Muheza mbele ya wakwe.

Shemeji Kassim, saa 4:02 asubuhi
Ile siku nilikuwepo! Kanzu ilibaki kwenye mwiba.

Saumu, saa 4:03 asubuhi
Mjomba alikuwa wa kwanza kufika barabarani, nyuki wa pili.

Rukia, saa 4:10 asubuhi
Nawasihi tusilipoteze jambo. Basi langu linaondoka saa tano, na njiani mtandao utakatika. Nahitaji kujua kabla ya hapo: spika, projekta, ufunguo, na Shabani.

Shabani, saa 4:30 asubuhi
Dada Rukia, nakuheshimu na najua unayafanya haya kwa upendo. Nitakuja ikiwa sitawekwa kitini nihukumiwe. Kama shabaha ni kumwonesha Francis kuwa malaika, naye Idi ndiye Francis, basi mwacheni Idi aje peke yake na malaika wake.

Rukia, saa 4:44 asubuhi
Hakuna atakayehukumiwa, Shabani. Tena nikuambie kitu kimoja juu ya Francis ambacho Idi hakukiandika. Agosti 2008 aliambiwa ana saratani ya damu, na tarehe 6 Machi 2009 akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 44. Mimi nimewauguza wenye maradhi hayo, najua yanavyomchukua mtu. Dada yule ninayefanya naye kazi alikuwa bado mwanafunzi wakati huo, na anasema siku ile hata watu wa mtaani kwao waliokuwa upande wa Andrew E walivaa fulana zenye nyota tatu na jua, zile alama za bendera ya Ufilipino ambazo Francis alizitia kwenye wimbo wake na kwenye nguo zake. Sikuambii hivyo ili uone Andrew alishindwa, kwa maana Andrew yuko hai na jina lake liko palepale. Nakuambia kwa sababu wewe na Idi mnafikiri mna muda mwingi wa kununiana.

Rukia, saa 4:51 asubuhi
Na Gloc-9, kijana wa Binangonan katika jimbo la Rizal, alianzia kwenye kundi la Death Threat, ambalo nyimbo zake zilikuwa za maisha magumu ya mtaani. Mwaka 2007 alitoa albamu "Diploma", na humo yupo Francis mwenyewe ndani ya wimbo "Lando". Mkubwa alikubali kuingia katika wimbo wa mdogo. Miaka miwili baadaye Gloc-9 akatoa "Upuan", wimbo unaowasema walioko madarakani kwa mfano wa kiti, na mwaka 2012 "Sirena", juu ya mtoto anayekataliwa na kupigwa na baba yake kwa jinsi alivyo. Hajamtaja mtu kwa jina katika nyimbo hizo, na kila anayehusika anajijua. Idi na Shabani, mimi ningependa kuwasikia ninyi mkiandika kwa namna hiyo, hata kama ni kinyume cha mwenzako, maana vipaji mnavyo na nyote mnaandika Kiswahili kizuri kuliko wengi wanaopigwa redioni.

Babu, saa 5:12 asubuhi
Nimesoma yote tangu jana. Mambo ya Wafilipino hao yamenipendeza, hasa ya nyuki na kipepeo, kwa sababu hata sisi tulilelewa katika kujibizana kwa mashairi, na nimewaona washairi wa pwani hii wakichomana kwa beti kwa miaka, wakikutana msikitini wanapeana mikono. Nina maneno matatu. Kikao kitafanyika barazani kwangu Jumamosi baada ya Isha. Msimamizi wa maneno nitakuwa mimi, na nikisema basi ni basi. La tatu, beti iliyoimbwa siku ya Idi Mosi ilimtaja mama wa mtu aliye hai, naye ni binti yangu. Mtunzi wa beti hiyo ataanza kwa kwenda kwake kabla ya kuja kwangu. Akishatoka kule, hapa kwangu atapokewa kama mjukuu wangu. Asipokwenda, mlango wangu hautafungwa, lakini sitamsikiliza akisoma.

Shangazi Mwanahawa, saa 5:40 asubuhi
Ahsante, baba.

Mama Saumu, saa 6:15 mchana
Tumesikia, Babu.

Rukia, saa 8:05 mchana
Mtandao umerudi, nipo Segera. Babu, nashukuru sana. Nimeona kimya kirefu. Idi? Shabani?

Idi, saa 9:30 alasiri
Nimesikia, Babu. Nitakuja na nitaanza na Francis kama nilivyopangiwa. Nimeiondoa ile sentensi ya mwisho ambayo Shabani aliilalamikia, maana kumsifia Francis hakuhitaji kumchoma mtu. Kuhusu kinasa sauti sijaridhika, lakini sitalisema barazani.

Shabani, saa 11:48 jioni
Babu, nimesikia. Nimefika kwa Shangazi Mwanahawa sasa hivi, amenifungulia, na hatujazungumza sana kwa kuwa kuna wageni. Nitarudi kwake kesho asubuhi. Kuhusu Jumamosi, nitasoma juu ya Andrew E nikiruhusiwa, na ningeomba nisimfuate Idi mara moja, awepo mtu katikati.

Saumu, saa 11:55 jioni
Mimi nitakaa katikati na Michael V. Nafuatilia kwa simu kutoka Dodoma, kwa hiyo mtu aniwekee video karibu na spika.

Rukia, saa 12:20 jioni
Spika ipi, Saumu? Ndiyo ninayouliza tangu jana.

Mjomba Hemedi, saa 12:31 jioni
Spika ya msikiti haitolewi, nimeuliza. Ya kijana wa kinyozi inatolewa, ila anataka na yeye aje asikilize, anasema anamfahamu Andrew E.

Shemeji Kassim, saa 12:33 jioni
Kinyozi gani anamfahamu Andrew E?

Rukia, saa 12:40 jioni
Aje. Mjomba, ichukue kesho kabla ya Alasiri. Ufunguo bado sijajua anao nani, na bila chumba cha mbele projekta haina pa kuwekwa ikinyesha mvua.

Shangazi Mwanahawa, saa 2:10 usiku
Rukia, ufunguo alikuwa nao marehemu Ami. Baada yake sijui. Mwulize Shabani au Idi, mmoja wao.

Baraka, saa 5:17 usiku
Assalaam aleikum. Samahanini, nilikuwa safarini na sijasoma yote yaliyo juu. Projekta ipo lakini taa yake imeungua. Kikao ni Jumamosi hii au ijayo?